Saa Moja ya Mzee Mwaniki

Mimi si mtu wa kusifu ovyo. Lakini chanda chema huvikwa pete, na Zuleka, binti wa Swaib mwenye bucha pale Runyenjes, amenilazimisha.

Mwaka wa tisini na sita kikundi chetu cha wakulima kilipewa kompyuta kuukuu. Zuleka, aliyekuwa ametoka kusomea mambo hayo Nairobi, akaiunganisha na koki ya kitalu chetu cha miche ya chai, ikawa inafungua maji yenyewe kila asubuhi. Mimi Kivuti, mtunza kitalu, nikabaki kupalilia na kushangaa. Ili yeyote aweze kubadilisha saa bila kugusa programu, aliandika mipangilio kwenye faili la kando, mashine iisome kila inapowashwa: SAA=7.

Kisha miche ikaanza kukauka, safu baada ya safu. Mwenyekiti wetu, Mzee Mwaniki, akaitisha mkutano.

"Huyu msichana ametuharibia," akasema. "Computer irudishwe, na yeye aende. Tutarudia kumwagilia kwa mikebe."

Nilikuwa nachemka kwa hasira, maana miche ile niliilea mimi, na sikujua nimkasirikie nani.

Zuleka hakujitetea. Aliwasha mashine, akasoma mipangilio. "Hapa pameandikwa SAA=1. Nani alibadilisha?"

"Ni mimi," mzee akasema bila wasiwasi. "Nilipata umeandika saba. Saa saba mchana, na jua kali hivyo, si utachoma miche? Nikaweka saa moja asubuhi. Moja si ni moja?"

Tulicheka mpaka Mama Alice, mwanakikundi mwenzetu, akashika mbavu. Kompyuta huhesabu saa za Kizungu. Saba yake ni saa moja yetu ya asubuhi, na moja yake ni saa saba usiku, wakati mradi wa maji wa kijiji umefunga mabomba. Koki yetu ilikuwa ikifunguka kila usiku na kumwagilia hewa.

Hapo Zuleka angeweza kumwumbua mzee, nasi tungemshangilia.

"Kosa ni la programu yangu, mzee," akasema. "Kila kitu kwenye mipangilio huingia kama maandishi tu. Kazi yangu ni kuyageuza: namba iwe namba, ndiyo iwe ndiyo, saa iwe saa. Mimi nilichukua moja nikaifanya namba, sikuuliza ni moja ya nini."

Alishinda pale akiandika upya, sisi tukinywesha kwa mikebe miche iliyobaki. Alipomaliza akamwita mzee ajaribu. Mzee akabonyeza kwa kidole kimoja: SAA=1. Mashine ilipowashwa ikalia pii, ikakataa kugusa koki, na kwenye kioo yakatokea maneno: "1 ya asubuhi au ya jioni? Tafadhali andika yote."

Mzee akaandika 1 ASUBUHI, wakaiwasha tena. "Sawa," mashine ikajibu. "Nitafungua saa moja asubuhi."

Nilifurahi kupita kiasi. Nani mwingine angefikiria kuifundisha mashine adabu ya kuuliza?

Lakini mkutano ulikuwa haujaamua. Watu wakamtazama mwenyekiti. Akavua kofia.

"Nimekuwa chairman miaka mingi," akasema. "Nikisema kitu mnasema ndiyo, hata kama hamjaelewa. Leo ndio mara ya kwanza naulizwa nilikuwa namaanisha nini."

Akamgeukia Zuleka. "Kaa hapa, msichana wangu. Na hawa pia uwafundishe kuniuliza."