Jiliwa la Mkono Mmoja

Kidole kimoja hakivunji chawa, na mkono mmoja hauchongi gitaa. Kiharusi kilipomnyang'anya Eleuterio mkono wa kushoto, mkewe Jovita ndiye aliyekuwa mkono huo, miaka sita mfululizo. Eleuterio akichonga shingo ya gitaa, Jovita alisimama ng'ambo ya meza akiishikilia. "Geuza kidogo," alikuwa akisema, na neno halijaisha Jovita alikuwa ameshageuza.

Sasa Jovita alikuwa na uvimbe tumboni, na daktari wa mji wa Uruapan hakumung'unya maneno: siku zake zilikuwa za kuhesabika.

"Mzee, tengeneza kitu cha kukushikia kazi," Jovita alimwambia mumewe. "Nikiondoka utamwita nani? Kuku?"

"Nitaoa."

"Na mdomo huo uliopinda? Labda huyo kuku akukubali! Tengeneza, bwana. Na sikukuu ya wafu usiniletee maua matupu. Niwekee gitaa ulilochonga peke yako, nijue unaishi."

Akamwahidi. Hapa Paracho, mji wetu wa Meksiko wa mafundi gitaa, fundi humdanganya mnunuzi, hata padri, lakini marehemu hadanganywi.

Akatoa parafujo kwenye jeki bovu la lori, akapata mbao mbili za mwaloni ziwe taya, Jovita akimshikia. Akatoboa matundu mezani ili taya moja isogezwe, kazi ikiwa nene au nyembamba. Ndani ya taya akabandika ngozi ya viatu vikuukuu vya Jovita, mwerezi wa gitaa usipondeke. Walilijaribu jiliwa hilo, kibano cha kushikia mbao, kila asubuhi baada ya uji, Jovita akiwa kitini upande wake uleule, blanketi magotini, kazi yake kukosoa.

"Umekaza mno, utaiumiza shingo. Haya, hapo."

Likashika. Eleuterio aliburuta tupa kwa nguvu zote na shingo haikutikisika. Jovita akacheka mpaka akajishika tumbo.

"Basi sasa naweza kwenda zangu."

Eleuterio aliyachukia maneno hayo, akalichukia na jiliwa lenyewe. Kila liliposhika vizuri, alimwona mkewe akiaga.

Jovita alifariki Septemba. Oktoba ilipoingia, Eleuterio aliweka kipande cha mwerezi kati ya taya, akazungusha parafujo. Taya ikainuka upande mmoja, kipande kikaanguka. Akarudia, kikaanguka tena. Taya ilitaka kukandamizwa huku parafujo likikazwa: mkono wa kubana, na mkono wa kuzungusha. Akajaribu goti, akajaribu kidevu, akafunga kamba, mwerezi ukapasuka.

Ilikuwaje jiliwa likashika miezi mitatu Jovita alipokuwa hai? Akainama, akaona. Juu ya taya, upande wa kiti, mwaloni ulikuwa umeng'aa kwa jasho, alama ya kiganja na kidole gumba. Kila asubuhi Jovita alikuwa akiweka mkono pale kwa mazoea, na wote wawili hawakutambua.

Angeweza kulirekebisha, lakini kutoboa mwaloni kunataka mwaloni ushikwe, na cha kuushika hakuna; jirani hakutaka kumwita, maana aliahidi kufanya peke yake. Akakaa kwenye kiti cha mkewe, akalia kama mtoto.

Sikukuu ya wafu ilipofika mwanzoni mwa Novemba, siku marehemu hurudi kuwatembelea walio hai, majirani walipanga maua ya manjano na mikate kwenye madhabahu ya Jovita. Eleuterio alileta kipande cha mwerezi kisichochongwa, akakilaza mbele ya picha yake, na patasi kando.

"Shika upande wako, mama," alisema. "Mimi niko tayari."