Pua ya Fundi Makochi

Fundi makochi alikuwa na matundu mawili ya pua, yote ya mapambo. Hewa ilipita mdomoni. Sponji likiungua karakanani, jirani ndiye aliyempigia kelele.

"Mafua tu haya," alisema, mafua yakiwa yametimiza mwaka wa pili.

Karakana ilikuwa na joto la tanuri na paa linalovuja, hasa juu ya kona aliyoichagua kwa busara zake kurundika makochi ya zamani. Ukutani ukungu mweusi ulitanda. Akaupaka rangi. Ukungu ukashukuru, ukaota juu ya rangi mpya. Shemeji yake, dalali wa viwanja, akashauri kitaalamu: "Funga madirisha, upepo ndio unaokumaliza." Akafunga.

Jicho la kushoto lilipoanza kutokeza, mkewe hakuomba tena ushauri wa dalali. Alimkokota hadi kwa daktari wa pua.

"Una pumu?"

"Tangu utotoni, lakini ya kawaida tu."

"Aleji?"

"Vumbi, paka, na blanketi la mama mkwe."

"Umewahi kuambiwa una vinyama puani?"

"Niliambiwa. Nikajua vitakauka."

"Na kazi unafanyia wapi?"

Mkewe akamwahi. "Kwenye shamba la ukungu, daktari. Mvua ikinyesha linajimwagilia lenyewe."

Daktari akaeleza kwamba ukungu sote tunauvuta, na wengi wetu hautufanyi kitu. Ila mwenye aleji, pumu na vinyama, akishinda kwenye joto na unyevu, mwili wake unaweza kupigana na ukungu huo hadi kamasi ligande ndani ya mifupa ya uso na kulisukuma jicho nje.

Akapasuliwa. Kilichotolewa kilikuwa kizito kama gundi ya mbao. Alipoonyeshwa, fundi akageuza uso. Ghafla amekuwa mtu wa kinyaa. Akapewa dawa ya kupuliza, maji ya chumvi ya kuoshea pua, na onyo kwamba ugonjwa huu hupenda kurudi.

Siku alipofungua karakana, harufu ilimpiga kofi. Akarudi nyuma, akaketi kibarazani, mnyonge kabisa.

"Mke wangu, nimeshinda humo miaka yote hiyo?"

"Kila niliposema pananuka, uliniambia nadeka."

"Nisamehe."

Wakaajiriwa vibarua, makochi yaliyooza yakatupwa, paa likazibwa. Sasa mteja akileta kochi, fundi huliinamia kwanza, akalinusa kila upande kwa maringo ya daktari bingwa, na mteja husimama akisubiri majibu.