Bunduki Alizotunza Mwalimu Oldham

Thayne Lofgren alizileta bunduki zake tatu mwezi wa nne, wiki sita baada ya kumzika mkewe, Twila. Alikuwa amezifunga ndani ya blanketi la farasi. Akazilaza juu ya meza ya jikoni ya jirani yake Merritt Oldham, akasema, "Nitunzie hizi, Mwalimu. Ghala langu limeingia unyevu."

Unyevu! Huko Wyoming, ambako mkate ukiuacha mezani asubuhi, mchana unaugonga kama mlango! Lakini Merritt hakucheka. Katika mji wao mdogo wa Alder Fork wanaume wote wanayajua maneno hayo. Mtu akiona huzuni imemzidi nguvu, akianza kuziogopa silaha zake mwenyewe, humpelekea jirani kwa kisingizio chochote: unyevu, panya, wajukuu wanakuja. Jirani hupokea, hufunga kabati, haulizi kitu. Ni desturi nzuri na imeokoa wengi. Ubaya wake ni huo mmoja tu, kwamba hakuna anayeuliza kitu.

Kesho yake Janell, binti wa Thayne, alipiga simu kutoka Boise. Merritt alimfundisha tangu akiwa mtoto mwenye mapengo, na hata sasa, mama wa watoto wawili, alimwita Mwalimu.

"Mwalimu, nakuomba. Baba kaniambia bunduki ziko kwako; asipewe hata moja mpaka nije mwezi wa kumi na moja. Hali chakula, halali usingizi, na kwenye simu anaongea kama mtu anayeaga."

"Hatapewa."

"Niahidi."

"Nakuahidi, mwanangu."

Na alikusudia, tena kwa moyo wote. Ahadi ile ndiyo aliyolala nayo na kuamka nayo kiangazi kizima.

Sasa, Merritt alifundisha uraia miaka thelathini na mmoja, na kila mwaka alipofika kwenye Marekebisho ya Pili ya katiba, yale ya haki ya watu kuwa na silaha, alivua koti. Aliwaambia watoto kwamba wazee walioandika maneno yale walikuwa wametoka kupigana na mfalme, na waliogopa jeshi la kulipwa kuliko tauni. Walitaka kila kijiji kiwe na mgambo wake, mkulima aache jembe, achukue bunduki iliyo nyuma ya mlango, akapange mstari na wenzake. Ndiyo maana sentensi inaanza na "mgambo wenye mpangilio mzuri". Haki ni ya watu, alisema, lakini ni watu waliosimama pamoja.

Thayne, aliyemaliza shule kwa shida na kufuga ng'ombe mia mbili kwa raha, alimpinga kila Ijumaa kwenye mkahawa wa Dorla. "Watu ni mimi," alisema huku akijipiga kifua. "Nikitoka mimi, akatoka na Dorla, hao watu wako wamebaki wapi?" Mwaka 2008 Mahakama ya Juu, majaji watano dhidi ya wanne, ikasema haki hiyo ni ya mtu mmoja mmoja, awe mgambo asiwe. Ijumaa ile Thayne alimnunulia Merritt pai nzima ya tufaha, juu yake pameandikwa POLE kwa krimu. Wazee wale walipendana, lakini hakuna aliyewahi kumwambia mwenzake. Walikuwa na katiba ya kuongelea.

Mwezi wa kumi, siku moja kabla ya msimu wa kuwinda kulungu kufunguliwa, pikapu ya Thayne iliingia uani asubuhi. Alikuwa amekonda mpaka mkanda umeongezwa tundu, lakini alikuwa amenyoa na kuvaa kofia yake ya chungwa ya kuwindia.

"Nimefuata ile ya kulungu tu," alisema. "Kibali hiki hapa, kina muhuri."

Tangu Aprili Merritt alikuwa na swali moja alilolifanyia mazoezi mbele ya kioo: Thayne, unataka kujiua? Maneno matatu, hata mtoto angeyasema. Akafungua mdomo, na kilichotoka ni hiki:

"Sina hakika kama wewe ni mgambo wenye mpangilio mzuri."

Thayne alimtazama kidogo, kisha akavuta kiti. "Haya! Tumeanza."

"Kahawa?"

"Mimina. Na leo nakumaliza. Ulishindwa mahakamani zamani, Mwalimu. Watano kwa wanne."

"Hao wanne nao walisoma."

"Walisoma kwako, ndiyo maana wakashindwa!" Thayne akacheka. Alicheka kweli, kwa mara ya kwanza tangu Twila afariki, na Merritt akasikia raha hata akasahau alichokuwa anaogopa. Akamimina tena kahawa. Akaendelea kubishana, kwa makusudi sasa, ili kicheko kile kirudi.

"Hata hao watano walisema haki ina mipaka," alisema.

"Mipaka ya nani? Walitaja mhalifu na mgonjwa wa akili." Kicheko kilikuwa kimeondoka. Thayne aliweka kikombe chini. "Mimi ni yupi, Mwalimu?"

Merritt alijua ameulizwa nini. Mtu mzima hakosi kujua. Rafiki yake alikuwa amemfungulia mlango na kusimama pembeni, akimsubiri aingie.

"Wewe ni mkaidi," Merritt alisema. "Katiba haikuwataja wakaidi."

Thayne akatikisa kichwa akitabasamu. "Basi nipe bunduki yangu."

Ningependa kusema Merritt alikataa. Alichukua ufunguo. Moyoni alijipa sababu: mtu aliyenyoa, mwenye kibali, anayecheka hivi, huyo anapona. Tena mimi ni nani wa kumzuilia mtu mali yake? Nimewafundisha watoto miaka thelathini na mmoja mfululizo kwamba serikali isiingie nyumbani kwa mtu bila sababu, leo nigeuke serikali ya kabati moja? Maneno mazuri, hayo. Angempigia Janell jioni amweleze, alijiambia, na jioni ilipofika hakupiga.

Mlangoni Thayne alimpa mkono. Miaka arobaini ya ujirani hawakuwa wakipeana mikono. "Umekuwa jirani mwema," alisema.

"Niletee nyama ya paja," Merritt alijibu.

Jumatatu askari wa kaunti alisimamisha gari getini na kuvua kofia kabla hajashuka. Naye alikuwa mwanafunzi wake. Thayne hakufika mlimani kabisa, alisema, hakutoka hata uani kwake. Merritt alishika nguzo ya ua mpaka askari akamshika yeye.

Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua, ila hawakusema humuumbua pamoja na nani mwingine.

Baada ya mazishi watu walishuka kwenye ukumbi wa chini ya kanisa kula viazi vya jibini na nyama baridi. Janell alikuja na sahani yake, akakaa mbele ya Merritt. Macho yalikuwa yamevimba, sauti ilikuwa imetulia.

"Nilikuahidi," Merritt alisema.

"Najua. Sikuja kukugombeza, Mwalimu, nguvu zenyewe sina." Akasogeza kiti. "Wewe ndiye mtu wa mwisho aliyekaa naye. Nataka kujua tu. Alikaa sana?"

"Kama saa nzima."

"Saa nzima." Uso wake ulifunguka kidogo. "Kwangu mimi hakuongea hata dakika tano tangu mama afe. Basi kwako aliongea."

"Tuliongea."

"Mliongea nini?"

Merritt alitamani kudanganya. Angeweza kusema Twila, au ndama, au wewe, mwanangu, alikutaja sana. Lakini hakuwahi kumdanganya mtoto wa darasa lake.

"Katiba," alisema.

Janell alisubiri aendelee. Alisubiri na uma mkononi mpaka viazi vikapoa.