Bakuli la Tapati

Tangu cheo kilipotoka, Tapati Mondol alikuwa mtu wa kupewa mkono mchana kutwa, kisha kurudi nyumbani kula peke yake. Mkuu wa stesheni ya Polashdanga si mchezo. Koti jeusi, kofia, kibendera cha kijani mkono huu na chekundu mkono ule. Watu wa magazeti walikuja wakampiga picha, wakasema ni hijra wa kwanza kushika kazi hiyo kwenye njia yote ile ya reli, wakanywa chai yake, wakapanda treni ya jioni wakaenda zao. Vikombe aliviosha mwenyewe.

Njia ileile aliijua kwa upande wake wa pili. Alizaliwa akahesabiwa mvulana, na alipokataa kuwa mvulana kwao Khejurtala walimtoa nje na nguo alizovaa. Bula Ma, mama wa nyumba ya mahijra wa mjini, wanawake waliozaliwa kama yeye, ndiye aliyempokea. Miaka mingi Tapati alipita behewa hadi behewa akipiga makofi na kuwaombea abiria heri, nao wakimpa sarafu ili aondoke upesi. Muda uliobaki alisoma. Bula Ma alimlipia mitihani huku akimtukana kwamba vitabu vitamtoa macho.

Sasa alikuwa na nyumba ya stesheni, vyumba viwili, na redio aliyoiacha ikisema hata akiwa hasikilizi. Wake wa majirani walimletea watoto wachanga awaombee heri, maana dua ya hijra haikataliwi. Hakuna aliyewahi kumwambia kaa, chakula ki tayari.

Mtu akipanda cheo, sharti watu wale kitamu. Wafanyakazi wa stesheni aliwanunulia vya dukani, vya kwenye maboksi. Lakini kwa ajili ya mama yake, ambaye hakumtumia hata salamu tangu siku ile ya kufukuzwa, alikaa chini jikoni akakuna nazi, akaipika kwa sukari guru ya mtende, akaifinyanga naru, vile vidonge vitamu vya mviringo, ingali ya moto ikimchoma viganja. Hivyo ndivyo alivyomwona mama akifanya, enzi zile alipokuwa akifukuzwa jikoni kwa sababu si mahali pa wavulana.

Kosa alilifanya kwenye kufunga. Alizitia naru kwenye bakuli lake la shaba, alilolinunua kwa mshahara wa kwanza, lililochongwa jina lake chini kama vyombo vyote vya watu wenye kwao. Nimai Haldar, gadi wa treni ya abiria, alilipeleka hadi Khejurtala akalikabidhi kwa Jhuma, mke wa kaka yake Tapati.

Bula Ma alisikia habari hiyo kwenye simu.

"Umetia kwenye bakuli?" akauliza. "Boksi mtu anakula, anatupa, yamekwisha. Bakuli lazima lirudi, na kwetu chombo cha mtu hakirudi kitupu. Umemtega mama yako, na wewe umejitega."

"Sikufikiri, Ma."

"Ulifikiri sana. Hiyo ndiyo taabu yako."

Na ilikuwa kweli. Alitaka lirudi. Likirudi na hata kiganja cha mchele, atajua yu hai kwa mama yake. Likirudi tupu, basi alishazikwa, na cheo chake akavishe kaburi.

Kila treni ya kutoka Khejurtala ilipoingia, alilitazama behewa la gadi. Nimai alifungua viganja kuonyesha hana kitu. Siku nyingine alimtania, "Mkuu, treni unaitazama kama mchumba." Tapati alicheka, akapandisha kijani, treni ikaondoka, na jukwaa likabaki na yeye na mbwa. Upweke ulimuuma hasa saa hiyo, akiwa amevaa vizuri na hana wa kumwona.

Jumamosi moja, kutoka behewa la Nimai, alishuka mwanamke mwembamba wa sari ya manjano. Hakuwa na kitu mkononi.

"Wifi," akasema. "Mimi Jhuma."

Hakuna aliyewahi kumwita Tapati wifi. Lakini macho yake yalikuwa kwenye ile mikono mitupu, na roho ilikwisha kumshuka.

"Bakuli limepotea?"

"Lipo. Kwanza mama aliliweka kibarazani, kama la paka. Kaka yako Subir akasema atalirudisha hivyohivyo, tupu. Mama akamwambia, liguse nikuvunje mkono. Naru akazila peke yake, sisi hatukuonja. Sasa wali wake anaula humo. Kila akiliosha hulipindua, akasoma lile jina."

Tapati akamsogelea hatua moja.

"Nikamwambia, mama, basi tulijaze, nilipeleke. Akanigombeza. Akasema vyombo vya jirani ndivyo vinavyorudishwa. Cha binti yangu kitarudi wapi, na kwao ni hapa?"

"Alisema hivyo?"

"Hivyohivyo. Kesho Jumapili, Nimai katuambia hufanyi kazi. Mama amesema uje, na uje na njaa."

Nimai alichungulia kutoka behewani. Dereva alikuwa amekwisha kupiga honi mara ya pili, na abiria walikuwa wametoa vichwa madirishani.

"Mkuu," akaita Nimai, "tunaondoka au tunalala hapa?"

Tapati akainua kibendera juu kabisa, na treni haikusogea. Kumbe ni chekundu. Alifuta macho kwa mkono wa koti, akabadilisha.

Jioni ile hakupika.