Kikohozi Kwenye Migomba

Haya ni ya kweli tupu. Naapa kwa meno machache niliyobakiwa nayo kwamba sijaongeza hata punje ya chumvi, na asiyeamini apande gari hadi Gatuanyaga akaulize. Chumvi yangu mimi huwa naiweka kwa mambo mengine.

Nekoye alimzika mumewe bila mwili. Wamalwa alikuwa taniboi, msaidizi wa dereva, kwenye lori la mizigo. Mwaka wa tisini na nne lori lilikwenda Zaire, likarudi bila yeye, na dereva hakuwa na maelezo, alikuwa na koti la Wamalwa tu. Kwao Bungoma mtu haachwi hewani namna hiyo. Asiporudi, wazee hukata mgomba, wakaulaza kaburini mahali pa mwili, wakaulilia kama mtu. Basi baba mdogo wa marehemu akapanda basi la usiku hadi Thika, akafika kwenye kijishamba ambacho Wamalwa alikuwa amenunua kule Gatuanyaga, akachagua mgomba mzuri. Kwa haraka zake akaung'oa pamoja na kisiki na mizizi. Akauwekea mkono, akasema, "Kuanzia leo wewe ndiye Wamalwa. Lala."

Wakaufukia pale pale shambani. Mvua ya kwanza iliponyesha, Wamalwa akaota.

Nekoye hakuung'oa. Wala hakula ndizi zake. Aliuzungushia vijiti ng'ombe wasifike, na jioni akitoka kuchuma kahawa aliupitia kwanza kabla ya kuingia nyumbani. Siku nyingine, upepo ukiwa umetulia, alisikia kikohozi: viwili vifupi, halafu kusafisha koo. Ndivyo Wamalwa alivyokuwa akikohoa kabla ya kuomba chakula. Nekoye alikuwa akijibu, "Nakuja," kisha anaingia kulala. Alilala vizuri. Alijua mtu wake yuko wapi.

Halafu ugonjwa ukaingia migombani. Majani yaligeuka manjano, yakaning'inia kama sketi iliyokatika mshipi, na ukikata shina ndani kumeoza kahawia. Kutoka Thika hadi Ruiru watu waling'oa na kuchoma, njaa ikaingia. Mgomba mmoja tu ulibaki kijani.

Habari zikafika Juja. Siku hizo wakubwa walikuwa wameviambia vyuo vikuu: acheni kuandikiana makaratasi ninyi kwa ninyi, tafuteni kinachomliza mwananchi. Chuo cha Juja kilikuwa kimefanya urafiki na chuo kimoja cha Japani. Wale walileta mashine na kufundisha vijana wetu, na wetu wakawapa mbegu wakachunguze nao. Dakta Kilonzo, mtu wa ndizi, akafika Gatuanyaga akiwa na viatu vya mpira na adabu nyingi.

"Mama, hodi. Nasikia una mgomba unaokataa kufa."

"Huo pale."

"Unaweza kunisaidia na chipukizi moja? Tutalikuza kwa chupa, tupate miche mingi, tugawie watu."

Sasa mtu na akili zake anamwambiaje daktari wa chuo kikuu kwamba mgomba ule ni bwanake? Tena chipukizi la ndizi halinyimwi mtu. Hata adui akija kuomba, unampa, mnaendelea kuchukiana baadaye. Nekoye aliangalia shamba la jirani yake Mulei, jeusi kwa majivu, akasema, "Chukua."

Tangu siku hiyo mgomba wa kaburini ulinyamaza. Nekoye alisimama pale jioni, akangoja, akaita. Hakukuwa na kikohozi. Usingizi ukamwisha.

Miche ya chupani ilikua, ikagawiwa, ikashika vizuri ajabu. Dakta Kilonzo alipigwa picha gazetini akiwa amekumbatia mkungu. Ndipo asubuhi moja Mulei akaja mbio, panga mkononi.

"Mama, bwanako yuko kwangu."

"Bwana gani?"

"Si unaye mmoja? Nimeinua panga nikate ndizi, mgomba ukakohoa. Nikajua nimesikia vibaya. Nikainua tena, ukasafisha koo. Mimi nimekula na Wamalwa miaka sita, kwani sijui koo lake?"

Kabla Nekoye hajamaliza kumtuliza Mulei, Mwanaharusi akatokea. Huyu alikuwa rafiki yake wa zamani kutoka Majengo ya Thika, aliyehamia Ruiru kufungua kibanda cha chai karibu na stesheni. Alikuwa amepanda mche nyuma ya kibanda.

"Dada, wateja wanakimbia," alisema. "Kila nikiepua maandazi, kunakoholewa. Nikasema labda ana njaa, nikamtupia moja. Kunyamaza ni kidogo tu."

Nekoye akashika kichwa. Alikuwa amemgawa mumewe vipande vipande mpaka Ruiru.

Wakulima wakakataa kukata ndizi. Mikungu iliiva mgombani, ikapasuka, ikaliwa na ndege ambao nao walikuwa wakila wakitazama nyuma. Wengine wakaanza kutafuta majembe waing'oe, na njaa ya juzi walikuwa hawajaisahau. Dakta Kilonzo akarudi, safari hii bila adabu nyingi.

"Ni hewa ndani ya shina, mama. Jua likipiga, inatoka."

"Hewa inayotaka maandazi?"

Dakta akakaa kwenye kigoda. Alikuwa amekonda. "Nikuambie kitu," alisema. "Kule chuoni tuna chumba cha chupa. Nikiingia asubuhi, zote zimefuka mvuke kwa ndani, kama dirisha la gari watu wakilala mle. Nikipangusa moja, inafuka tena. Inafuka, inaacha, inafuka, inaacha. Mama, ulinipa nini?"

Nekoye akamwambia. Yule mtu wa sayansi hakucheka. Alivua kofia, akaenda kusimama mbele ya vile vijiti kama mtu aliyechelewa matanga.

"Kwa hivyo tufanyeje?"

"Mgomba ule uliambiwa kwamba ndio Wamalwa," Nekoye alisema polepole, akiwaza. "Na hii mingine yote hakuna aliyeiambia kwamba siyo."

Akaanza kwa Mulei. Aliweka mkono kwenye shina, na shina lilikuwa na joto, joto la mgongo wa mtu aliyelala. Akasema, "Mzee, hapa si kwako. Hapa ni ndizi tu. Rudi nyumbani." Joto likapoa chini ya kiganja chake. Mulei akakata mkungu, kimya kikatawala, na watoto wakala jioni hiyo. Akaenda shamba baada ya shamba, Dakta akimwendesha kwa gari la chuo. Wakamalizia nyuma ya kibanda cha Mwanaharusi, kisha chumba cha chupa kule Juja, ambako vioo vilikauka mbele ya macho yao.

Njaa ikapata dawa yake. Lakini Nekoye alirudi Gatuanyaga mbio, akasimama kaburini, akangoja mpaka giza likaingia.

Kimya.

Kesho yake alikuwa ofisini kwa Dakta, na Mwanaharusi akiwa ubavuni. "Nimewafukuza wote warudi nyumbani," alisema. "Nyumbani hakuna mtu. Umebaki naye wapi?"

Dakta akatazama viatu vyake. "Kuna chupa tulipeleka Japani. Ilikuwa kwenye makubaliano."

"Wueh!" Mwanaharusi akapiga mkono kinywani. "Na vile Wamalwa alivyosumbua maofisi ya pasipoti! Kumbe ilikuwa tu ajigeuze ndizi!"

Nekoye hakucheka. "Mpigie," alisema.

Dakta akapiga. Mambo ya operata, ngoja, piga tena. Mwisho akajibu Mjapani mmoja aliyewahi kufundisha Juja, akaelezwa, na kwa heshima yake hakuuliza mara mbili. Walisikia hatua zake, mlango mzito ukifunguka, kisha mvumo wa baridi. Aliweka mkono wa simu kando ya chupa.

Nekoye akashika simu. Kutoka ng'ambo ya dunia vikaja viwili vifupi, halafu kusafisha koo.

Angeweza kumfukuza, kama alivyowafukuza wale wengine. Lakini alikumbuka jinsi mtu yule alivyotamani nchi za mbali maisha yake yote, akasema kwa upole, "Umefika, Wamalwa. Kaa huko. Pumzika." Akarudisha simu mahali pake, akaenda nyumbani, akalala usingizi mzito kama—

"Muongo."

Nilikuwa nikisimulia haya kibandani kwa Mwanaharusi, watu wamejaa, chai imepoa mikononi. Sauti ilitoka mezani pa nyuma. Mwanamke aliyekuwa amenipa mgongo muda wote akageuka, na kumbe ni Nekoye mwenyewe.

"Mzee Waweru, ulikuwa kwenye ile ofisi?"

"Hapana, mama, lakini—"

"Kukohoa ni kweli. Chupa ni kweli. Maandazi pia, Mwanaharusi huyu hapa. Hapo mwisho ndipo umenidanganyia." Alikuwa akifunga leso yake, hana hasira. "Nimwambie mtu wangu akae kwenye friji ya watu? Nilimwambia arudi. Nikamuuliza ni lini. Akakohoa, laini ikakatika."

Akakaza fundo la leso.

"Sasa chuo kikiletewa kifurushi kutoka kule, Dakta ananitumia habari, naenda Juja. Wananipa kiti. Naweka sikio kwa chupa, moja moja."

"Na?" niliuliza.

"Leo zimekuja," alisema. "Nangoja gari la Juja." Akanitazama. "Mwanaharusi, hii chai yangu italipwa na Mzee Waweru."

"Yako tu?" Mwanaharusi akasema. "Kibanda kizima. Ametudanganya mpaka chai ikapoa. Toa pesa, mzee."

Nikatoa.