Sauti Kutoka Stoo ya Madawati

Naandika haya kwa unyenyekevu mkubwa, jambo ambalo si kawaida yangu.

Asubuhi hiyo mpishi wa shule, tuliyemwita Bi Mwiko bila yeye kujua (alijua), aliungua mkono wa kulia kwa uji. Alikuwa kibarua tu. Msimamizi wa jikoni, mwanamume asiyetabasamu hata kwa bahati mbaya, akamwambia wazi: masufuria yakikutwa na ukoko jioni, kesho ataingia mpishi mwingine. Na kwa kibarua hicho hicho Bi Mwiko alikuwa anasomesha watoto na kumuuguza mama yake.

Habari zilifika bwenini kabla ya mkono kufungwa bendeji. Baada ya vipindi kundi la maombi likakutana, likiongozwa na mwenzetu tuliyempa cheo cha Askofu kwa sababu mtu angeweza kuota ndevu akisubiri amina yake.

Mimi na rafiki yangu Kiroboto hatukualikwa. Tukajialika wenyewe katika stoo ya madawati, iliyopakana na chumba cha maombi. Juu ukutani palikuwa na tundu la hewa. Nikapanda dawati, nikaingiza kichwa ndani ya ndoo tupu niliyoikuta humo, na Kiroboto akanishika miguu kwa heshima zote.

Upande wa pili Askofu alikuwa amekwisha kupitia uumbaji, gharika na safari ya jangwani. Hatimaye akafika jikoni. Akamwomba Bwana atume mtu, mtu yeyote, akamsaidie mama yetu.

"Nakutuma wewe," nikanguruma ndani ya ndoo.

Nilitarajia mayowe, mbio, na ikiwezekana mmoja azimie. Badala yake nikasikia kiti kikisukumwa, mlango ukifunguliwa, na viatu vikielekea jikoni bila haraka.

Tukanyata nyuma yake, tukijua utamu wenyewe uko huko. Tulimkuta Askofu amevua tai, nusu ya mwili imo ndani ya sufuria la uji, anasugua kwa majivu na kipande cha gunia. Bi Mwiko alikuwa pembeni, mkono kifuani, akimsihi asiharibu sare. Wana maombi wengine walikuwa mlangoni, bado wanabishana kama ile sauti ilikuwa ya Mungu au ya shetani.

"Ilikuwa ya huyu," Askofu akasema, akiinua kichwa na kunitazama. "Ana mafua wiki nzima."

Nikamuuliza kwa nini basi aliinuka.

"Kwa sababu ulisema kweli. Nilikuwa naomba atumwe mtu, na mimi ni mtu. Sasa, ndugu yangu, la kwako ni lile la maharage."

Nikachukua gunia.

Kiroboto akateka maji. Wana maombi nao wakaingia mmoja mmoja, mabega juu kama wanaoingia maji ya baridi. Bi Mwiko akaketi akawa kamanda: wewe geuza, wewe chini hujafika, na wewe mcheshi, unasugua au unalibembeleza? Akacheka mpaka akajisahau, akajipiga pajani kwa mkono ulioungua, akaguna.

Jioni msimamizi akaja. Akapitisha ukucha ndani ya kila sufuria. Akauliza nani amesugua. Nilimtazama Bi Mwiko, nikajua hatadanganya, hata kama ukweli utamponza.

"Ni wanangu hawa," akasema. "Mimi siwezi kushika kitu."

Msimamizi akatutazama tulivyojaa majivu mpaka kwenye nyusi.

"Na kesho?"

Kesho hatukuwa tumeifikiria. Askofu akavuta pumzi, na pumzi ile naijua, ni ya sala ndefu. Nikamuwahi.

"Kesho tupo. Mpaka mkono upone."

Msimamizi akasema moto huwashwa alfajiri, atakayechelewa atamtambua yeye ni nani, na mama aende nyumbani akapumzike, kazi yake ipo.

Bi Mwiko akatushika mikono mmoja mmoja, kwa kushoto, majivu na yote.