Mzunguko wa Tatu

Gocha alijitapa kwamba kijiji kizima hakuna alisemaye neno lile kwa moyo kama yeye. "Genatsvale," alimwambia kila jirani aliyejikwaa, yaani maumivu yako na yaje kwangu. Alimwambia muuza jibini, akawaambia ng'ombe, na siku moja hata punda wa mchungaji. Punda hakujibu. Pengine alishamjua.

Basi theluji ikafunga njia ya bondeni, na dada yake Lamara akashikwa na homa ya mapafu. Daktari alikuwa upande wa pili wa theluji. Dawa ziliisha juzi. Siku ya tano pumzi za Lamara zilikwaruza kama msumeno kwenye mti mbichi, na vidole vimeanza kugeuka buluu.

Bibi Nutsa, aliyewalea wote wawili na ambaye sasa macho yake yana ukungu, akakivuta kitanda kutoka ukutani hadi katikati ya chumba. Akamkumbusha Gocha neno lake lilikotoka. Zamani halikuwa salamu ya sokoni. Ndugu wa damu alimzunguka mgonjwa mara tatu huku akilisema, na mzunguko wa tatu ukishafungwa, ugonjwa ulimhamia aliyezunguka. Bibi mwenyewe alishazunguka alfajiri, bure. Kifo, alisema, hakibadilishi kifaranga kwa kuku aliyekwisha nyonyoka.

"Zunguka wewe, mjukuu wangu. Punda umemwambia, mwambie na dada yako."

Gocha akazunguka. Mara ya kwanza alilisema kwa sauti ya harusini, mara ya pili kwa sauti ya kanisani. Mara ya tatu, alipofika miguuni pa kitanda, kifua kikambana. Akakohoa, kikohozi kimoja tu. Akaliona jeneza, akaona majirani wakinywa mvinyo wa matanga, na yeye hayumo mezani. Miguu ikagoma. Akakanyaga palepale, kishindo baada ya kishindo, kama mtu anayetembea, akalisema neno kwa nguvu, kisha akarudi kinyumenyume alikotoka.

"Tayari, Bibi. Tatu."

Bibi akapiga ishara ya msalaba, akaenda kuchochea jiko huku akilia kwa shukrani.

Lamara akafumbua macho. Kumbe hakuwa amelala. Akamshika Gocha mkono kwa vidole vile baridi, akamvuta mpaka sikio likafika mdomoni.

"Mbili na nusu, kaka," alinong'ona. Akatafuta pumzi, akaipata kwa shida. "Bibi usimwambie. Genatsvale."